Mnara wa Kanisa Ng'ambo ya Ziwa

Lehtovaara, 9 Januari 2011

Mwanangu Sirpa,

Mimi mzima, mama yako yu vilevile, baridi imeshuka nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na mgonjwa ni gari. Ninyi huko Tampere hamjambo? Nauliza kwa sababu barua huanza hivyo. Sasa tuje kwenye neno lenyewe.

Kabla ya Krismasi gari langu lilikuwa likila lita tano na nusu kwa kilomita mia, na hayo ni majira ya baridi, na matairi ya misumari. Tangu mumeo aliendeshe linakula saba na nukta moja. Sibahatishi. Najaza tangi mpaka juu kwenye pampu ileile, nasoma kilomita, nagawanya. Ndivyo nilivyofanya tangu nilipokuwa na lori moja la magogo, na hivyo ndivyo nilivyofika kwenye malori sita bila mtu kunishika mkono.

Huyo Ilpo anakanyaga mafuta kama anaua nyoka. Nilimwambia wazi: ingia gia ya juu mapema, ukiona mteremko ondoa mguu, usitoe gia, injini ikisukumwa na gari lenyewe haili hata tone. Akaniambia, "Sawa, mzee," akaendelea kuua nyoka. Isitoshe aliacha vile vyuma vyake vya kubebea ski, mbao zake za kutelezea thelujini, juu ya paa la gari langu, vinapiga mluzi njia nzima.

Unajua kwa nini napiga kelele. Kutoka hapa mpaka nyumba ya wazee ni kilomita arobaini na moja, na mama yako hali kwa mkono wa mtu mwingine. Wauguzi wamejaribu, anafumba mdomo. Jumanne, Alhamisi na Jumapili namchovyea andazi la iliki kwenye kahawa, anakula, ananiangalia. Injini hii ikifa, nani atamlisha? Basi la kijiji walishalifuta.

Nataka mumeo akiri kwa maandishi alilifanya nini gari langu.

Baba yako,
Tauno

*

Tampere, 17 Januari 2011

Baba,

Sisi wazima, asante. Tumefurahi kusikia mama anakula. Furaha imeishia hapo.

Ilpo hatakiri chochote. Aliliendesha gari lako mara mbili, kwenda kwa mama na kurudi. Mara zote mbili ulikaa pembeni yake umeshika breki ya mkono, ukitoa amri kama uko bandarini: "Achia. Achia sasa. Wewe, achia." Mtu ana miaka hamsini na miwili, ni fundi bomba mwenye wateja wanaomheshimu, na alirudi hapa shingo imekaza. Unafikiri ni nani angeweza kuharibu injini ukiwa umemkalia hivyo?

Mimi kazi yangu ni kupanga ratiba za mabasi, baba. Madereva wote wanaotumia mafuta mengi husema ni makosa ya aliyeendesha kabla yao. Wote.

Angalia upepo wa matairi, baridi hii huyalegeza. Vua hivyo vyuma vya ski. Chomeka kwenye umeme kipasha joto cha injini saa mbili kabla ya kutoka, siyo usiku kucha. Na huenda ni hii petroli mpya ya kuchanganya na spiriti, kila mtu anailalamikia. Lakini barua ya pili ya kumtukana mume wangu sitaisoma.

Kuna jambo jingine Ilpo aliniambia tukiwa njiani kurudi, kuhusu siku ulipoendesha wewe. Nimelimeza kwanza.

Binti yako,
Sirpa

*

Lehtovaara, 30 Januari 2011

Sirpa,

Afya yangu nzuri. Ya mama yako unaijua. Nilichokisema juu ya Ilpo sikirudii, kimeshaandikwa.

Sasa sikia, maana nawe umejifanya mwalimu wangu. Upepo nimejaza, nimeongeza kidogo juu ya kinachotakiwa, kama nilivyokufundisha mimi. Vyuma vimetoka, viko ghalani, aje avichukue. Mfuko wa mchanga uliokuwa kwenye buti nimeutoa. Petroli yenye spiriti nimeikataa, natia ile ya ghali. Kipasha injini nakichomeka kwa muda wa saa mbili tu. Naendesha sabini ambapo wengine wanaendesha themanini, na Rauno jirani ananijia nyuma akipiga honi kama bwana harusi. Jibu: saba na nukta nne. Limepanda.

Nikalipeleka kwa Mauri, gereji. Akatoa magurudumu, akacheka. "Tauno, pedi za breki za mbele zimekwisha kabisa. Umekuwa unashindana mbio?" Pedi zangu hudumu miaka minne. Hizi zina mwaka mmoja. Nikamwambia akamwulize mtu wa Tampere.

Na kama hiyo haitoshi, Alhamisi nimeng'oa kinguzo cha soketi ya umeme uani. Waya wa kipasha ulikuwa bado umechomekwa, nami nikaondoka. Lawama ni za Rauno, ambaye plau yake ya kusafishia njia ilirundika theluji hapo, waya ukajificha. Nilimwambia. Akasema waya ni wa rangi ya chungwa, unaonekana toka barabarani. Mtu mwenye adabu asingesema hivyo.

Watu wote wamegeuka mafundi wa gari langu, na hakuna hata mmoja anayeniambia linaumwa nini.

Baba yako

*

Tampere, 6 Februari 2011

Baba,

Natumaini u mzima. Safari hii nauliza kwa dhati.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika kwa sababu tofauti. Mwanzo kwa ajili ya Ilpo. Kisha kwa ajili ya Rauno wa watu, ambaye kila asubuhi hukusafishia njia bila kudai kitu. Mara ya tatu nilikukasirikia wewe, na hasira hiyo haijatoka.

Ilpo aliendesha kilomita mia na sitini na nne. Hakuna mguu duniani unaomaliza pedi kwa kilomita hizo. Pedi umezimaliza wewe. Wewe, uliyenikalisha kwenye lori nikiwa na miaka kumi na saba ukaniambia kwamba kila nikigusa breki natupa dirishani mafuta niliyokwisha kuyalipia. "Tazama mbali," ulisema. "Anayetazama mbali ana mguu mwepesi." Siku nzima hukunifundisha kitu kingine.

Sasa mguu wako umekuwa mzito. Unaendesha sabini halafu unafunga breki, unaondoka tena, unafunga tena. Mafuta yanakwenda hapo. Injini haina ugonjwa wowote. Mambo yanakutokea ghafla, baba, kwa sababu huyaoni yakiwa bado mbali. Hukuona waya wa rangi ya chungwa juu ya theluji nyeupe. Na herufi zako zimekuwa kubwa kama za tangazo la mnada.

Lile nililolimeza ni hili. Ilpo alisema ulipopita kwenye kivuko cha shule hukupunguza mwendo mpaka yeye alipopiga kelele. Mvulana alikuwa amekwisha kushusha mguu barabarani. Ilpo hakutaka nikuambie. Alisema, "Mwache, ni mzee, ataona aibu." Huyo ndiye unayemdai akiri kwa maandishi.

Nenda ukapimwe macho wiki hii. Usipokwenda, nitampigia daktari wako mimi mwenyewe.

Binti yako,
Sirpa

*

Lehtovaara, 10 Februari 2011

Sirpa,

Mimi mzima.

Nimeendesha miaka hamsini. Magogo, barafu, giza la Desemba, malori yasiyo na kipasha joto. Sijawahi kugonga mtu wala mnyama, isipokuwa kulungu mmoja, na yeye ndiye aliyenigonga.

Unataka funguo. Sema hivyo, usinizungushe na pedi. Watoto wa siku hizi huanza na macho, kisha funguo, kisha nyumba. Chukua. Lakini kabla hujampigia huyo daktari, panga kwenye ratiba yako ni basi gani litakalonifikisha kwa mama yako Hilkka siku ya Jumanne. Wewe ndiye mtaalamu. Ukilipata, niandikie. Usipolipata, usiniandikie tena.

Tauno

*

Tampere, 27 Februari 2011

Baba,

Naomba kwanza nijue kama u mzima. Simu inalia, hupokei.

Basi hakuna. Nimelitafuta mpaka nikaona haya. Sikumpigia daktari. Nilishika simu, nikairudisha. Bado nimekasirika nawe, na bado naona niko sahihi, na kuwa sahihi hakunisaidii kulala.

Binti yako

*

Tampere, 20 Machi 2011

Baba,

Sijui kama barua hizi unazifungua. Nimempigia muuguzi, akasema mama anakula vizuri na kwamba hujakosa hata siku moja. Hakusema unafikaje, nami niliogopa kuuliza.

Ilpo anakusalimu. Yeye ndiye aliyesema niandike hilo, sikumtuma.

Sirpa

*

Lehtovaara, 17 Aprili 2011

Mwanangu Sirpa,

Sisi huku hatujambo. Theluji imeanza kuvunjika, barabara ni tope tupu, mama yako amenenepa kidogo. Wewe na Ilpo natumaini mko salama. Naandika kwa herufi kubwa na utanivumilia, karatasi ninayo ya kutosha.

Barua yako ya pedi ilinitia hasira nikashindwa kunywa kahawa. Nikasema nitakuonyesha. Jumapili iliyofuata nikatoka kwenda kwa Hilkka, na njiani nikajipima mwenyewe. Unakumbuka mteremko wa kanisa. Unapopita kona, ng'ambo ya ziwa hujitokeza mnara, na hapohapo naondoa mguu. Gari linateremka lenyewe mpaka darajani, bila tone, bila breki. Tangu mwaka wa sitini na moja nimeachia palepale.

Nikasubiri mnara. Nikasubiri. Haukutokea. Katikati ya macho yangu palikuwa na doa la kijivu, kama mtu amepangusa kioo kwa kitambaa kichafu, na mnara ulikuwa ndani ya doa hilo. Nilipojua niko wapi, nilikuwa tayari darajani, na mbele yangu kuna mtu juu ya kiteleza chake cha theluji, kile cha kusukuma kwa mguu. Nilifunga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama karibu naye kiasi kwamba angeweza kuegemea boneti. Alikuwa mke wa Rauno. Alinipungia mkono. Alidhani nimesimama kumsalimu.

Daktari anasema ni kitovu cha jicho kimechakaa, na hakitengenezwi. Pembeni naona, katikati sioni. Leseni niliiweka mimi mwenyewe mezani kwake, hakuniomba. Nimeandika hilo ili usije ukasema walininyang'anya.

Sasa nakwenda na Rauno. Jumanne, Alhamisi, Jumapili. Alijitolea kabla sijamwomba, jambo lililoniudhi zaidi. Mtu yule anaendesha vibaya mno. Anaipandisha injini mpaka inalia, halafu anashangaa tangi limekauka. Wiki mbili nilifunga mdomo. Wiki ya tatu, kwenye mteremko wa kanisa, nikasema neno moja: "Achia." Akaniangalia, akaachia. Tulifika darajani bila kugusa breki. Akasema, "Kumbe." Basi tangu siku hiyo naruhusiwa kusema.

Sijaacha kukasirika. Nayakasirikia macho yangu, namkasirikia daktari aliyenipa kijitabu chenye maandishi madogo, na halmashauri iliyofuta basi. Wewe pia, kidogo, kwa kuona kutoka Tampere kile nilichoshindwa kukiona nikiwa ndani ya gari.

Rauno atafanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa sita na hataendesha majira yote ya joto. Gari langu liko uani, limefunikwa, matairi yana upepo, pedi ni mpya. Mwambie Ilpo likizo yake aichukue huku, na gari ni lake. Nimekwisha kusaini. Vyuma vyake vya ski viko ghalani, lakini asivirudishe juu ya paa kama haendi kuteleza.

Nitakaa pembeni, na breki ya mkono sitaishika. Kwenye mteremko wa kanisa aachie mapema, pale mnara unapojitokeza. Akiuona anitajie. Asipotaja nitamtajia mimi, maana sauti ya barabara hubadilika hapo.

Baba yako,
Tauno