Kilima Nilichopanda na Mama Mkwe

Liège, Jumapili baada ya misa

Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima, na kupitia kwako namsalimu Mama na nyumba yote ya Katuba. Mguu wako unaendeleaje? Mvua zimeanza, au bado mnakula vumbi? Sisi huku tu wazima. Tereza amejifungua kwa kupasuliwa lakini salama, na mjukuu wako ni msichana mwenye sauti ya dada yangu Odeta. Majirani zetu Mungu awasaidie.

Nimeandika kwa mkono na kumpa barua mtu anayesafiri, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu. Nimemgusa mama mkwe. Nimemshika kwa mikono yote miwili, Baba, mchana kweupe, barabarani. Keti kwanza, usome mpaka mwisho, halafu ndipo unikasirikie.

Ulikuwepo Luano alipopanda ndege kuja kumtunza binti yake. Siku ile ile ukanipigia kunikumbusha mambo ya buko, miiko ya mtu na mama mkwe wake: nisimpe mkono, nisimtazame usoni, njiani nitangulie mbali. Ukasema kwao hawajasahau kwamba wewe ndiwe uliyepeleka mali ya ndoa na mimi niko huku, kwamba walimtoa binti yao kwa mtu wasiyemwona. Nisimpe mama huyu neno la kurudi nalo. Nami nilitaka hivyo hivyo. Nilitaka afike nyumbani aseme mkwe wake ni mtu. Basi tukawa tunaishi humu ndani kama watu wanaojificha: akiingia jikoni mimi natoka, nikirudi kazini yeye yuko chumbani. Mimi usiku nalala kwa rafiki.

Hospitali alikolazwa Tereza iko juu ya kilima. Jumatatu madereva wa basi waligoma, na Tereza akapiga simu akilia, anamtaka mama yake. Nyuma ya nyumba yetu kuna njia inayopanda huko. Nimepita mbele yake kila siku nikidhani ni ya kuingilia ua wa mtu. Hata wenyeji wengi hawaijui. Nikaongea na mlango wa chumba, nikasema mwenye kutaka kwenda hospitali anifuate. Nikatangulia.

Baba, sisi tumekulia mahali tambarare. Mlima wetu ni ule mweusi wa masalia ya shaba, na huo hakuna anayeupanda kwenda popote. Njia hii ni ya mawe, nyembamba, upande mmoja ukuta, upande mwingine bonde. Inapanda kidogo, inakata kona, inapanda tena, na kila kona ukidhani umefika, inakuonyesha nyingine. Mlango wa nyumba moja uko sawa na paa la nyumba ya chini yake. Mama mmoja alikuwa anaanika nguo juu ya bomba la moshi la jirani. Chuma cha kushikilia kimelainika kwa mikono ya watu waliokwisha kufa zamani. Nilijiuliza nani aliyabeba mawe yale. Nilijiuliza wanapandishaje kitanda, na jeneza wanaliteremshaje. Niliona aibu kwamba nimekaa chini ya jambo kubwa hivi bila kuinua kichwa. Nikawa natembea mdomo wazi, na kadiri nilivyopanda ndivyo mji ulivyokuwa unafunguka chini yangu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, barabara imenyooka: mkwe anaweza kutangulia mbali, na bado akijikwaa mtu utasikia, utaona. Hapa nilikata kona, nikakata ya pili, nikageuka, hakuna mtu. Nikangoja. Hakuna mtu. Nilishuka mbio, nikiwaza nitawaambia nini watu wa kwao.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya mtu, kiatu kimoja mkononi. Magoti yalikuwa yamekataa. Bibi mmoja wa Kizungu, mwenye nyumba, alikuwa amemletea maji. Nikasimama mbali, nimeelekea ukutani. Yule bibi akaniambia kwa Kifaransa nimshike mama yangu mkono, ninangoja nini. Ningemwelezaje? Kwetu mtu akikutana na mama mkwe njiani huacha njia. Pale pa kuachia hapakuwepo, ila kuruka bondeni.

Ndipo mama mkwe akasema. Hakuniambia mimi. Alimgeukia yule bibi, asiyejua neno moja la Kiswahili, akamtuma kama tunavyotumana kwetu.

“Mama, mwambie ule mwanaume: mutoto yangu eko kule juu, balimupasula tumbo. Miye niko huku chini, magoti inakatala. Buko itatungojea, haina haraka. Anibebe.”

“Mais oui, madame,” bibi akaitikia, akiinamisha kichwa kwa heshima kubwa.

Ujumbe ulikuwa umefika. Nikapiga magoti, nimempa mgongo. Akapanda kama mtoto, akajifunga nami kwa kitenge chake, nikamshika miguu kwa mikono yangu. Si mwepesi, Baba. Hilo libaki kati yetu wawili.

Nilikuwa naona mawe tu na ncha za viatu vyangu. Kona moja ilipopita akaanza kuongea, si na mimi, anaongea na hewa. Aliiambia hewa kwamba anaona mto mpana na meli zinapita chini ya madaraja. Kwamba misalaba ya makanisa iko chini ya miguu yake, na hakujua kama hiyo si dhambi. Kwamba ng'ambo uko mlima wa masalia ya mgodi, sawa na ule wetu, lakini umeota miti mpaka kileleni. Unajua baba yake alikufia mgodini Kipushi. Akaiuliza hewa kama wa kwetu nao siku moja utaota miti. Nikaijibu hewa kwamba labda. Nilisikia moyo wake unapiga mgongoni mwangu, na niliingiwa na woga ule wa kanisani, wakati kengele inalia na watu wote wameinama.

Tulipotokea juu nikamshusha, nikageukia upande kama inavyopasa, nikataka kutangulia.

“Ngoja,” akasema. “Geuka. Nataka nione sura ya mutoto alinibeba.”

Nikainua macho. Baba, ana macho ya Tereza. Yale yale, hata la kushoto linalojifunga kidogo akichoka. Mimi nimeoa, nimezaa, na nilikuwa sijui. Tuliingia ndani, akamkumbatia binti yake, wakalia wote wawili, na mimi nilibaki mlangoni nikifuta jasho lisiloisha.

Kwao wameshajua; alimpigia mumewe jioni ile ile. Kama desturi inadai kitu cha kulipia kosa, peleka, sitabisha. Lakini usiende umeinamisha kichwa. Nisalimie Mama, na Odeta mwuza maandazi, na mjomba wa reli, na padri aliyenibatiza kama bado ana nguvu.

Kuna jambo hukulitaja kwenye simu, maana hakuna mtoto wa kwetu asiyelijua: mkwe hali mbele ya mama mkwe. Leo tuliporudi kutoka misani, Tereza angali hospitali, alisonga bukari, akaweka sahani mbili mezani, akaketi, akangoja. Nikasimama pale muda mrefu. Kisha nikanawa mikono, Baba, nikala.

Mwanao,
Ilunga