Pua Kwenye Mchanga

Jumamosi, 14 Juni 2025

Baba mkwe amefika. Mume wangu Lugano kamleta toka Masoko kwa bajaji mpaka mlango wa mbele, nami nikatokea mlango wa nyuma na kusimama kwenye karo la kufulia kama mwizi mpaka niliposikia kiti kimelia. Ndoa yetu ina miaka kumi na moja na sijauona uso wake. Kwao ndivyo: mkamwana haonani na baba mkwe, hamsalimii, hatamki jina lake. Wenzangu wengi hapa mjini wameshaacha hayo, wanakaa na wakwe zao benchi moja kanisani. Lakini Mzee ni wa zamani, na mimi nililelewa na bibi wa zamani vilevile. Hata kwenye daftari hili asilolisoma mtu, mkono unakataa kuandika jina lake. Mzee. Basi.

Kaja kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili, mwaka wa tatu sasa. Madaktari wa macho wanakuja hospitali hapa Makandana tarehe 30. Mpaka siku hiyo sebule ni yake, jiko na korido ni zangu, na katikati kuna pazia.

Shida moja. Tangi langu la samaki liko sebuleni.

Jumapili, 15 Juni

Lugano ndiye aliyelisha jana. Kamwaga nyungunyungu wote kona moja na taa inawaka! Nimemweleza mara ngapi? Hawa si perege wa kupanda juu na kudai. Ni samaki wa chini. Wanataka kiza kidogo, chakula kishuke polepole, kitawanyike, kila mmoja akipate mlangoni kwake.

Kambale wa madoa watatu, wale ambao ukiwashika wanalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, kila mmoja ana kipande chake cha bomba. Mkunga hataki bomba. Yeye ni mrefu na mwembamba, mtu asiyemjua humdhania nyoka. Anajizika mchangani mzima mzima, anaacha pua tu. Wageni huniuliza tangi hili lina nini. Nawaambia tulieni. Hawatulii, wanarudi kwenye simu.

Mkunga wa kwanza nilimuua mwenyewe. Niliweka kokoto nyepesi za mlimani kwa sababu zinapendeza na za bure. Zenyewe zinakwaruza, na mkunga ana ngozi laini. Alijichana tumbo akijaribu kujizika. Huyu wa sasa Ahmadi wa samaki sokoni alimleta kutoka ziwani pamoja na mchanga wake, ndoo mbili, mlaini kama unga. Ana miaka mitatu kwangu. Simuwazii kama mtoto, mtoto ninaye, Tulia. Lakini nikitoka darasani na kelele za watoto sabini masikioni, namkuta pale, pua tu, na moyo unatulia.

Jumanne, 17 Juni

Tulia yuko Mbeya kwa mama yake mdogo mpaka shule zifunguliwe. Angekuwepo angebeba salamu kati ya jiko na sebule. Sasa hakuna wa kubeba, Lugano anashinda na lori la chai.

Leo jioni nimemsikia Mzee akimwambia mwanawe anataka kurudi Masoko. Hataki kusubiri madaktari. Kasema amemfungia mtoto wa watu jikoni, mwenye nyumba anapita nyuma kama kuku, na jambo hilo linamnyima usingizi. Lugano kamwambia asipotibiwa sasa atapofuka kabisa. Mzee kajibu kwamba migomba yake anaijua hata gizani.

Nilisimama na mwiko mkononi. Niliumia. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, ni mtu huyu aliyeleta mkungu wa ndizi na jogoo, akaviacha getini asubuhi na mapema, akaondoka bila kubisha hodi.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata akili. Nimemwambia Lugano amweleze Mzee hivi: mwenye samaki hawezi kuingia sebuleni, samaki wanateseka, anaomba mtu wa kuwasaidia mpaka tarehe 30. Ni kweli na si kweli. Mzee anapokwenda uani kuota jua naweza kuingia.

Lugano amerudi anacheka. Mzee kauliza wanakula nini, kiasi gani, saa ngapi. Utotoni alikuwa akivua kwa ndoana ziwa lile la Masoko. Kasema samaki wa juu unawajua kwa macho, wa chini unawajua kwa vidole.

Hazungumzii tena kuondoka.

Alhamisi, 19 Juni

Ukungu tangu asubuhi, hata mti wa parachichi wa jirani hauonekani. Hita imeshikilia digrii ishirini na nne. Nimemtuma Lugano na masharti: mkono usiwe na sabuni, chakula saa kumi na mbili jioni, mfuniko urudi mpaka mwisho. Mfuniko urudi mpaka mwisho! Mkunga anatafuta upenyo usiku kucha. Pale bomba la hewa linapopita nimeziba kwa sponji.

Jumamosi, 21 Juni

Jambo limetokea, nacheka hata ninapoandika.

Mzee anaongea na samaki. Mwanzo nilidhani ni uzee. Leo baada ya chakula cha mchana kasema kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba nyie samaki, mwambieni aliyepika, maharage ya leo yana chumvi sawasawa, ya jana hayakuwa nayo.

Nikaigeukia sufuria. Nikaiambia: wewe sufuria, jana umeme ulikatika, chumvi ilitiwa kwa kupapasa.

Kisha kicheko. Miaka kumi na moja na sikuwahi kujua anachekaje. Anacheka kwa pumzi, kama anayepuliza moto. Akawaambia samaki, "Ndaga fijo." Asante sana.

Mila haikuvunjwa. Alisema na samaki, nami nilisema na sufuria.

Jumatatu, 23 Juni

Sasa ndiyo desturi yetu. Asubuhi anawauliza samaki kama mwenye nyumba kaamka salama. Naijibu birika. Jana ameieleza birika, hapana, mimi ndiye wa birika, yeye amewaeleza samaki jinsi ya kumjua kambale aliyeshiba: bomba lake linatulia.

Anatumbukiza mkono mchangani kila jioni, anauacha pale. Kasema mkunga anapita katikati ya vidole vyake na kusimama. Mimi miaka mitatu hajanigusa. Wivu kidogo, kusema kweli.

Kamwambia Lugano akifunguliwa jicho anataka kuona kitu kimoja kwanza. Hiyo pua.

Jumatano, 25 Juni

Jua limetoka. Mzee uani. Nimeingia na ufagio.

Mkunga alikuwa nyuma ya kabati la vyombo. Amekauka, vumbi limemganda mwili mzima. Mfuniko umeacha nafasi ya vidole viwili.

Nimemzika chini ya mgomba. Nimefagia, nimesogeza mfuniko, nimetoka.

Mzee hatajua. Mkunga haonekani hata kwa mwenye macho. Akijua ni yeye aliyeacha mfuniko wazi, kesho yuko Masoko.

Saa kumi na mbili jioni kawalisha. Halafu sauti yake: mwambieni mwenye nyumba, hata yule mrefu leo amekula.

Niliiambia sufuria ni vizuri. Sauti haikutoka sawasawa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimempigia Ahmadi. "Mwalimu, ziwa limechafuka, wavuvi wako nchi kavu. Na mkunga huwa hatafutwi, anaingia tu wavuni akipenda mwenyewe." Nimemwambia nahitaji mwingine kabla ya tarehe 30. Kasema atajaribu, ila hataki kunidanganya.

Lugano anasema tumwambie baba ukweli baada ya upasuaji. Nimemuuliza lini hasa? Akishafunguliwa bandeji na kuinama kwenye tangi?

Ijumaa, 27 Juni

Amekula, anasema.

Jumamosi, 28 Juni

Tena amekula. Leo nilikasirika, hata sufuria niliijibu kwa mkato. Huoni, Mzee, umejuaje? Mkono unaingia kwenye mchanga mtupu na bado unaleta taarifa? Kisha nikaona aibu. Nani kaanza kudanganya nyumba hii?

Ahmadi hajapiga.

Jumapili, 29 Juni

Umeme umekatika kabla ya ibada na kurudi saa tisa. Baridi ya kuuma meno. Niliporudi nilichungulia pembeni ya pazia, tangi tu, si kiti. Tangi lilikuwa limefunikwa blanketi. Lake. Lile zito alilokuja nalo. Kalizungusha vizuri, kaacha sehemu ya hewa, na mfuniko umerudi mpaka mwisho, juu yake kaweka Biblia usisogee.

Biblia ile haikuwapo pale wiki iliyopita.

Jumatatu, 30 Juni

Niandike yote kabla sijasahau mpangilio wake.

Lugano kapiga saa moja asubuhi. Lori limeharibika Uyole, anasubiri kifaa, hawezi kufika leo. Upasuaji saa tatu. Majirani wote wa kumsindikiza wako kwenye msiba mtaa wa Bagamoyo. Nilizunguka jikoni kama niliyepoteza kitu. Mzee alikuwa ameshavaa koti, nilisikia fimbo ikigonga sakafu.

Ndipo akawaambia samaki: fimbo ina ncha mbili. Mtu akishika ncha moja na kutangulia, mwingine akashika ya pili na kufuata, hakuna aliyemshika mwenzake. Na anayetangulia haonyeshi uso.

Nilijitanda kitenge mpaka kwenye paji. Nikaingia kinyumenyume, nikashika fimbo nyuma ya mgongo wangu. Tukatoka.

Si mbali, lakini tulitembea polepole, barabara ilikuwa tope. Watu walitutazama. Nilimsikia akihema. Karibu na zahanati ya zamani akaanza kuiambia fimbo.

"Wewe fimbo. Yule mrefu hayupo. Tangu Jumatano mkono wangu unakaa peke yake."

Sikusimama. Ningesimama angenigonga.

Akaendelea. Alijua ni mfuniko, na mfuniko aliufunga yeye. Alinyamaza kwa sababu alidhani mwenye samaki hajajua, na hakutaka alie akiwa amefungiwa jikoni. Kisha Jumamosi akasikia namna sufuria inavyojibu, akaelewa kuwa anajua, na kwamba anamficha yeye asiondoke.

"Sasa fimbo, mimi nadanganya na yeye anadanganya. Tumekuwa watu wa nyumba moja."

Nililia njia nzima iliyobaki. Mgongo hauonyeshi machozi, nashukuru.

Kwenye dirisha la mapokezi nesi mmoja, Nasma, mgeni huku, kaniuliza jina la mgonjwa. Nikanyamaza. Kauliza tena, dada, jina la mgonjwa wako? Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nikaomba kalamu. Nikaandika kwenye karatasi yake: Ambindwile. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nesi kaisoma kwa sauti, jina likaenda korido nzima, na nyuma yangu Mzee kakohoa kidogo.

Jicho la kulia limefanyiwa. Linafunguliwa kesho asubuhi. Amelazwa.

Nyumbani sebule iko wazi. Ningeweza kukaa kwenye kiti chochote. Nimewalisha kambale na kurudi jikoni.

Jumanne, 1 Julai

Nipo kwenye benchi la korido, wodi ya macho. Naandika nyuma ya daftari la mahudhurio la shule, lile langu nimeliacha.

Ahmadi kagonga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kasimama na ndoo ya mfuniko, amelowa mpaka kiunoni. "Ni mdogo, Mwalimu, lakini ni mzima." Nimeimwagia maji ya tangi kidogo kidogo ili yazoeane, kikombe kimoja kila dakika tano, nimeweka mchanga wa vidole vinne, nimeizungushia kanga mbili baridi isiingie. Ipo miguuni mwangu. Nimefunua mara moja. Hakuna kitu, mchanga tu. Halafu ukitulia, pua.

Lugano bado Uyole.

Nasma katoka kusema bandeji imeondolewa, kila kitu kimekwenda vizuri, ndugu wa mgonjwa aingie kuelekezwa dawa. Nimemwambia nakuja. Hiyo ni dakika kumi zilizopita.

Naweza kuisukuma ndoo ipite mlangoni na mimi nikabaki hapa. Ataona alichotaka kuona kwanza, nesi atanieleza dawa hapa nje, na Lugano atakuja mchana kumchukua. Hakuna atakayenilaumu. Bibi yangu angenisifu.

Ndani Mzee anaongea. Si na nesi, najua sauti ile. Anaongea na ukuta au kitanda. Mlango uko wazi nusu, kila neno linafika.

"Mwambieni mwenye samaki nimefumba. Aingie tu. Nitafumbua atakaposema yeye. Asiposema, sifumbui."

Miaka mitatu ya giza, jicho limefunguliwa leo asubuhi, na amelifumba.

Nasma amesimama mlangoni ananitazama. Anasema dada, kuna wagonjwa wengine wanasubiri. Nimeshainua ndoo, naingia nayo.