Picha ya Mlango wa Bluu

Kasulu, Jumamosi usiku

Na ile picha niliipenda mno. Mlango wa bluu wa duka la Mzee Haruna, mvua imetoka kukatika, barabara nyekundu haina mtu. Niliipiga jana mchana, mwenyewe akiwa msikitini, nikaiweka juu kabisa ya tovuti ninayomtengenezea. Niliitazama kama mtu anayeota.

Leo bombani nilimwonyesha jirani yangu, Mama Neema, kwa sekunde chache, kisha nikaificha simu. Nikamuuliza ameona nini.

"Duka limefungwa."

Nikamwambia ni duka la asali.

"Asali yenyewe iko wapi? Mimi ningeshaenda kwingine."

Niliudhika. Mzee anataka wateja wa hadi Kibondo, nami nimewaonyesha kufuli.

Jioni nilirudi nikampiga Mzee picha mlango ukiwa wazi, ameshika chupa ya asali, jua linapita ndani yake. Si nzuri kama ile ya kwanza, ila inakaribisha.

Kinachonikosesha usingizi ni alichoongeza Mama Neema akijitwika ndoo: "Hata wewe, mwanangu, tangu uhamie tunapita tukijua hupo."

Huwa najifungia nifanye kazi.

Kesho nitakaa barazani.