"Ni Huyo Fundi"

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hata kama mwishoni utanigombeza, mimi nasomea usanifu wa majengo, niko mwaka wa mwisho, na baba yangu ni fundi mwashi ambaye macho yanamzimika, daktari amesema hayatapona, basi nikabuni nyumba ya mtu asiyeona, kila chumba kina ukuta wake wa kupapasa na sakafu yenye mlio wake, ili mguu wenyewe ukuambie uko wapi, na baba alifurahi ajabu, akanijengea vipande vya kuta hizo kwa miezi miwili, anafumba macho, anapapasa, anabomoa, anaanza upya.

Siku ya kutetea kazi alikuja, akaketi nyuma amevaa suti yake ya harusi. Walimu wakacheka, mmoja akauliza hii ni nyumba au mchezo wa watoto, na nani kanitia wazo hilo kichwani, nami nikanyoosha kidole nikasema, "Ni huyo fundi. Mimi nilimfuata tu."

Sikusema ni baba. Aliinuka akatoka akishikilia ukuta. Nimepewa wiki mbili nilete ghorofa la kawaida la ofisi ndipo nifaulu. Nyumbani hatusemezani, na juzi amegawa vifaa vyake vya uashi, mwiko, timazi, vyote, mama akimuuliza anasema hana kazi navyo tena. Nianzie wapi, mshauri, na nichore jengo lipi?

Mwana Mwenye Aibu

*

Mwanangu, nimekuhurumia mpaka nilipofika kwenye kile kidole. Walimu kukucheka si kosa lako; anayebuni kisichozoeleka huchekwa. Lakini wazo lilikuwa lako, ukaona aibu, ukamtwisha mzee wa watu aibu hiyo mbele ya wageni.

Ghorofa la ofisi lichore, upate cheti chako, hakuna dhambi hapo. Ile nyumba usiitupe. Ichore upya, uandike majina mawili, lako na la baba yako, umpelekee yule mwalimu aliyekuuliza na umwambie yule mzee ni nani kwako.

Kabla ya hayo, nenda kwa baba leo, angali anauona uso wako. Usimtume mama. Usiseme ulichanganyikiwa. Sema, "Baba, nilikukana." Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe, wengine hawasamehe. Akinyamaza, usimlazimishe kujibu. Kaa hapo hapo mpaka mwenyewe akuambie uondoke.