Mlango wa Bibi

3 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, wasiwasi wetu ni mguu wako tu.

Baba anakujengea kijumba cha vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu, usiendelee kuishi peke yako. Kwa kuwa nimemaliza shule na nimekaa tu, ramani nimechora mimi, nimekuwekea nakala. Mlango nimeuelekeza kwenye jiko letu, tukuone muda wote. Fundi anaanza msingi Jumatatu.

Mjukuu wako

17 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mguu unanigomea asubuhi tu. Umechora vizuri, hata kitanda changu nimekiona. Ila mlango huo. Nikichelewa kuamka mama yako atajua, nikiunguza mboga atajua. Nimezoea kutoka na kuingia bila kuaga mtu. Mwambie baba yako asante, humo aweke kuni. Siji.

Bibi yako

5 Aprili

Bibi, shikamoo. Mguu vipi? Sisi salama.

Barua yako imekuta kuta zimeshapita madirisha. Siku tatu nilimpelekea fundi chai nikiwa na maneno mdomoni, nikarudi nayo. Siku ya nne nikamwambia mlango uhamie upande wa barabara. Akacheka. "Binti, huu ni ukuta, si daftari. Haufutiki."

Baba akasikia, akaja. Nikasema, "Nimekosea mimi. Nilichora nyumba ya mtu wa kuchungwa. Bibi hachungwi."

Akautazama ukuta, nikajua nimekwisha. Kisha akamgeukia fundi. "Mama yangu huyo. Lete nyundo."

Alivunja mwenyewe, vumbi likamjaa hadi kwenye nyusi. Mlango wa zamani tumeuziba kwa tofali. Sasa unatoka moja kwa moja barabarani, hupiti kwetu. Utakuja?

Mjukuu wako

2 Mei

Bibi, shikamoo. Unaendeleaje? Hujajibu.

Bati limepigwa, rangi imekauka. Baba kila akitoka kazini anaingia humo, anafungua bomba, anafunga, anatoka. Haulizi kitu, ila anatazama mikono yangu kama ina barua. Hata kama ni hapana, tuandikie.

Mjukuu wako

11 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba mara mbili, moja ya barua iliyopita. Mguu unatembea. Sikujibu kwa sababu nilianza kufunga mizigo siku ileile barua ya mlango ilipofika, kalamu ikatangulia ndani ya sanduku, ikalaliwa na masufuria. Hii nimeazima kwa jirani, yule niliyemwachia kuku.

Nafika Jumamosi. Mwanangu anisubiri nje na ufunguo, mlango nitaufungua mwenyewe. Na wewe ukija kwangu, piga hodi. Nikiitika, ingia. Nisipoitika, nenda zako, nimelala au sitaki.

Bibi yako, mwenye nyumba