Daraja Jembamba la Amparo

Granada, Aprili

Gitaa la Amparo litapigwa Siku ya Msalaba, uani kwetu, mbele ya mtaa mzima! Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningepasuka.

Sasa salamu. Mdogo wangu Virtudes, hamjambo huko Barcelona? Kikohozi cha shemeji kimetulia? Sisi wazima, ila vidole vyangu vimeshika rangi ya chai kwa kupaka vanishi magitaa ya watu, kama unavyonijua.

Hujasahau jinsi Maestro Leandro alivyomfukuza mwanangu kwenye karakana yake ya magitaa. Amparo alikuwa amechonga daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi kifuani mwa gitaa, akalipunguza hadi milimita saba badala ya tisa za Leandro, ili sauti itoke nyepesi. Leandro akalinyanyua mbele ya wateja, akauliza nani ameleta biskuti karakanani. Wakacheka. Akamwambia arudi nyumbani akamsaidie mama yake kupaka vanishi. Mimi nilikuwa pale mlangoni na chupa yangu mkononi. Nililimeza neno lile, lakini halijashuka mpaka leo.

Amparo akafungua karakana kwenye ghala la marehemu baba yake. Sasa wapigaji wanapanda kilima chetu wakihema kumfuata. Gitaa lake ukiligusa tu, sauti imeshafika uani. Waambie majirani zako huyo nimemzaa mimi.

Sasa sikia. Wakati wa Kwaresima Leandro aliniletea gitaa nilipake, maana mkono kama wangu hajaupata kwingine. Hilo nalo litapigwa Siku ya Msalaba, baada ya la Amparo. Daraja lilikuwa kando, maana huku tunapaka kwanza, ndipo linabandikwa. Nikafungua kitambaa. Jembamba! Milimita saba, na ncha zimelainishwa vilevile anavyolainisha mwanangu. Mwizi hakuona hata haya kuniletea mimi.

Nikamwita Amparo aone. Wala hakukasirika. Aligonga kifua cha gitaa kwa kidole, akasikiliza.

“Mama, mwambie asilibandike,” akasema. “Langu ni jembamba kwa sababu ubao wangu ni mgumu. Huu wake ni laini, nyuzi zitauvuta uvimbe. Huu unataka tisa zake zilezile.”

Nikaahidi kumwambia.

Virtudes, sikumwambia. Nililipaka gitaa lile mpaka ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Alipokuja kulichukua, akaniuliza kama binti yangu bado anaoka biskuti. Maneno ya Amparo nilikuwa nayo kwenye ulimi.

“Anaoka, Maestro,” nikamjibu. “Karibu Siku ya Msalaba uonje.”

Jana Encarna muuza mkate alipita dirishani kwa Leandro. Anasema gitaa limetuna kama mwanamke mwenye mimba ya miezi minne, na Leandro anawaambia watu ni mwanga tu wa dirisha. Padri hatalisikia hili kwangu. Nimekuambia wewe, na Amparo asijue.

Msalimie shemeji, wabusu wanao. Viti vya mbele nimevipanga mwenyewe: chenu pale penye kivuli, na cha Leandro ubavuni pangu, nimwone vizuri.

Dada yako akupendaye,
Casilda

Nitapika maharage mabichi na nyama ya kukausha, kwa hiyo njooni na njaa. Tarehe tatu Mei, nyote, asibaki mtu.