Chupa Iliyomngoja Baba

S.L.P. 731,
Ruiru.
16 Septemba 2025

Mpendwa Kinyanjui, muru wa maitu, mwana wa mama yangu,

Nakusalimu kutoka huku Kiuu kwa moyo wote. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya huko Paarl, Afrika Kusini, kimepona, au bado unalala na sweta? Sisi hatujambo. Goti langu hulia nikipanda ngazi, lakini Jumapili nilisimama kanisani na kina mama wa Guild nyimbo zote nne, kwa hiyo usinizike bado.

Ruiru ni ile ile. Wamejenga ghorofa nyingine mbele ya dirisha langu na nguo zangu sasa zinakauka kwa imani. Mpwa wako Janice ameandikwa kazi ya kudumu pale hotelini Thika. Siku hizi anavaa tai na kuwafundisha watu wazima jinsi ya kushika glasi, na mimi mama yake sijapona.

Sasa nije kwa lile uliloniuliza. Ningekupigia simu, lakini najua sauti ingenikatikia njiani, na nataka ulisome polepole ukiwa umekaa.

Uliniandikia Agosti kwamba tangu Baba atuache mwezi wa nne, kila ukiingia ghalani kwenye mapipa ya divai mikono inakataa. Kwamba divai ya kwanza uliyoitengeneza mwenyewe ulimtumia yeye, akaikataa, akafa bila kuionja. Na kwamba mwisho wa mwezi huu unaiacha kazi hiyo ukalinde geti. Uliniomba niifungue chupa, niionje, nikwambie ukweli bila kukubembeleza. Nililia niliposoma, sikufichi.

Kwanza nikusahihishe. Baba hakuikataa. Rafiki yako Okello alipoileta Krismasi, Baba aliigeuzageuza mikononi, akasoma lebo herufi kwa herufi, na lile neno Cabernet akalisukuma mpaka likatoka "kabarinati". Kisha akasema, "Nitaionja siku atakuwa amekaa hapa mbele yangu." Umesahau alivyokuwa? Watu walimwita kutoka Gatanga hadi Juja awaonjee pombe ya muratina kabla ya ruracio, siku ya mahari, na hata siku moja hakuonja pombe ya mtu ambaye hajakaa mbele yake. Alitaka kumwona mpishi usoni. Akiipenda ile pombe, alikunywa mpaka tone la mwisho, akakifunika kikombe chake mezani kifudifudi. Asipoipenda, alikiacha kimesimama na kilichobaki ndani, akachukua kofia akaenda zake. Wewe hukuwa na makaratasi ya kusafiri, basi chupa ikangoja. Aliilaza chini ya kitanda chake, na baada ya mazishi nikaifunga nyumba na ufunguo nikaja nao Kiuu.

Jumamosi tulienda nyumbani, Gatuanyaga, mimi na Janice. Nikainama chini ya kitanda. Masanduku yalikuwepo, vumbi juu yake la miezi mitano, lakini chupa haikuwepo. Niliikuta jikoni, imesimamishwa kwenye kona ya majivu, pale Baba alipokuwa akiweka vibuyu vya muratina vipate joto. Haikuwa na vumbi hata kidogo. Nilipoishika ilikuwa vuguvugu, na jiko hilo halijawashwa tangu siku ya mazishi. Janice alisema ni watu wa mazishi walioihamisha. Nikasema ndiyo, ni wao.

Mzee Kitonga, jirani na rafiki wa Baba, alikuja kama tulivyomwalika. Alikuja na soda nyeusi ya lita mbili chini ya kwapa.

"Tutaikata na hii kidogo, ama?"

"Guka, hapana bana!" Janice alimnyang'anya yule babu. "Hii haichanganywi. Wacha ipumue kwanza."

"Ipumue? Kwani iko hai?"

Tulicheka. Kicheko kikaisha mapema kuliko kawaida.

Kitonga ndiye aliyekitoa kile kikombe cha bluu cha Baba kabatini, akakiweka mbele ya kiti chake, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma Mama. Akasema hawezi kunywa katika nyumba hii mwenye nyumba akiwa na kiu. Mimi ni mtu wa kanisa, Kinyanjui, na mambo ya kuwamiminia waliolala siyataki. Lakini ilikuwa heshima ya mzee kwa rafiki yake, nikamwacha. Nikaomba kimoyomoyo, Janice akamimina, akakijaza mpaka karibu na ukingo.

Haya, hukumu yangu. Rangi ni zambarau nyeusi, na ukiiinamisha glasi kwenye mwanga ukingo wake ni mwekundu. Nilipoinusa nilipata matunda meusi yaliyoiva kupita kiasi, kisha kitu kibichi kama pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Funda la kwanza lilinikausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili, na nikakusikitikia. Janice akatuambia tusubiri. Baada ya robo saa hivi ule ukavu ulikuwa umetulia, utamu ukaja nyuma bila sukari, ukakaa kooni muda mrefu. Kitonga aliisahau soda yake kabisa. Ni divai nzuri, ndugu yangu. Ningesema hivyo hata kama ingekuwa ya mtu nisiyempenda.

Halafu ikaja harufu ya ugoro. Wote watatu tuliisikia. Si tumbaku ya sigara, ni ugoro wa Baba, ule wa mkebe, wenye magadi. Janice alitwambia upesi kwamba divai za namna hiyo huwa na harufu ya tumbaku, na ndivyo wanavyofundishwa hotelini. Huenda wewe unajua zaidi. Kitonga aliinusa glasi yake, halafu akanusa hewa upande wa kile kiti.

Wakati huo mbuzi wa Kitonga waliingia kwenye sukuma wiki ya mbele ya nyumba, tukatoka mbio sote watatu. Ilikuwa saa tisa, jua kali. Hatukukaa dakika kumi, na nyumba ile unajua ina mlango mmoja, nao tulikuwa tunautazama.

Tuliporudi, kikombe cha Baba kilikuwa kifudifudi.

Kitambaa cha Mama hakikuwa na tone. Nilikigeuza kikombe, ndani mlikuwa na alama nyekundu tu ya chini kabisa, na ukingoni chembe za ugoro zimeshikana na unyevu. Nikakaa chini sakafuni kama mtoto. Janice alinishika mkono na wake ulikuwa wa baridi. Niliogopa, Kinyanjui, na bado naogopa ninapoandika.

Ni hapo tu, nikiwa sakafuni, nilipokiona kigoda. Nilipokuwa natayarisha meza niliiondoa ile picha yako iliyokuwa juu yake, ile ya mwaka uliosafiri, ili glasi zipate nafasi. Nikaiegemeza kwenye kigoda bila kufikiri. Kigoda kilikuwa kinatazamana na kiti cha Baba. Ulikuwa umekaa mbele yake muda wote.

Basi usiende getini. Rudi ghalani. Nakutumia kikombe kwa Okello, anayepanda ndege Jumamosi, kimefungwa katika gazeti. Sijakiosha. Ukinuse mwenyewe, wewe unayejua divai na unayemjua Baba, halafu uniambie harufu hiyo ni ya divai au ni ya Baba.

Janice anakusalimu sana, na ameniagiza nikwambie msimu ujao uipe muda zaidi kwenye pipa. Kitonga naye anakusalimu. Anasema mwakani utume chupa mbili, maana sasa mzee ameijua njia.

Mungu akutunzie mikono hiyo na akurudishe kwetu ukiwa salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Waruguru